Hadubini yenye skrini: inachoonyesha katika tone la Tanganyika, na isichoonyesha

Huko Kabonga, kusini mwa pwani ya Burundi na karibu na mpaka wa Tanzania, Ziwa Tanganyika ni njia ya usafiri, ni riziki ya mvuvi na, kwa familia nyingi, ni mahali pa kufulia na kuogea. Maji yake yakitekwa kwa glasi huonekana safi. Hata hivyo, maji hayo yanaweza kuwa na viumbe wadogo wanaomlisha ndagala na, mahali penye konokono wa aina fulani, viluwiluwi vinavyoleta kichocho. Jicho tupu haliwezi kuwatofautisha, na mara nyingi haliwaoni kabisa.

Katika miaka ya karibuni kumeenea chombo kinachotangazwa kuwa kinaweza kumwonyesha yeyote ulimwengu huo: hadubini ya kidijitali yenye skrini yake yenyewe, iliyokusudiwa nyumba na shule. Haihitaji kompyuta wala kufumba jicho moja. Picha hutokea kwenye kioo kama cha simu, na watu kadhaa huitazama kwa pamoja.

Chombo hiki kina manufaa ya kweli, lakini pia kimezungukwa na ahadi zisizotimia. Kwa mzazi au mwalimu wa pwani ya Rumonge na Nyanza-Lac, kutenganisha mambo hayo mawili ni suala la fedha na pia la afya.

Inafanyaje kazi?

Hadubini ya kawaida ina lenzi mbili kuu: moja karibu na kitu kinachotazamwa na nyingine karibu na jicho. Katika hadubini ya kidijitali, mahali pa jicho pamewekwa kihisi cha picha, sawa na kile kilichomo ndani ya kamera ya simu. Kihisi hicho hugeuza mwanga kuwa taarifa za umeme, na skrini huzionyesha papo hapo. Aina nyingi zina betri ya kuchaji, taa ndogo za LED na nafasi ya kadi ya kumbukumbu ya kuhifadhia picha na video.

Sokoni kuna makundi mawili yanayochanganywa mara kwa mara.

Kundi la kwanza ni la hadubini za kutazama uso wa vitu. Taa zake humulika kutoka juu. Zinafaa kwa mdudu, jani, punje ya mchanga, gamba la samaki, sarafu au sakiti ya redio iliyoharibika. Hizi ndizo rahisi kutumia na ndizo zinazomfaa mtoto mdogo.

Kundi la pili ni la hadubini zenye jukwaa la kuwekea kipande cha kioo, taa inayomulika kutoka chini, na lenzi zinazobadilishwa kwa kuzungushwa, kwa kawaida za kukuza mara 4, mara 10 na mara 40. Mwanga hupita ndani ya kitu chenyewe. Anayetaka kuona seli za kitunguu au viumbe walio ndani ya tone la maji anahitaji kundi hili. Ni kosa la kawaida kununua la kwanza kwa matumaini ya la pili.

Kutoka Delft hadi darasani

Kutazama tone la maji ya ziwa ni jambo la kale. Mwaka 1674, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, alichukua maji ya ziwa lililokuwa karibu na mji wake na kuyachunguza kwa lenzi moja ndogo aliyoisugua mwenyewe. Aliona viumbe hai ambao hakuna mtu aliyekuwa amewaeleza kabla yake.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, hadubini kwa kawaida ilikuwa chombo cha jicho la mtu mmoja. Mwaka 1999 kampuni za Marekani za Intel na Mattel zilitoa hadubini ya watoto iliyoitwa QX3, ambayo iliunganishwa na kompyuta na kukuza mara 10, mara 60 na mara 200. Tangu hapo vihisi vya picha na skrini vimeshuka bei kwa sababu ya simu za mkononi, na hapo ndipo hadubini inayojitegemea, yenye skrini yake, ilipopata nafasi.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi

Maboksi mengi huandikwa kwamba chombo kinakuza mara 1000, au hata zaidi. Namba hiyo isichukuliwe kama ilivyo.

Kukuza na kufafanua ni mambo mawili tofauti. Mtu akiisogelea picha iliyochapishwa gazetini, nukta za wino huwa kubwa, lakini sura haizidi kuwa wazi. Ndivyo ilivyo kwa ukuzaji wa kidijitali: skrini hupanua picha ileile bila kuongeza taarifa mpya. Uwazi hutoka kwenye lenzi, mwanga na kihisi. Hata lenzi bora kabisa ina mpaka wake. Mwaka 1873, mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alieleza kwamba hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko kiasi kinachoamuliwa na mawimbi ya mwanga wenyewe, ambacho ni takribani mikromita 0.2. Mikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Kuna njia rahisi ya kujua ukweli, isiyohitaji chochote zaidi ya rula. Rula ya shule huwekwa chini ya lenzi, kisha huhesabiwa ni milimita ngapi zinazojaza upana wa skrini. Upana wa skrini yenyewe hupimwa kwa rula nyingine, na namba hiyo hugawanywa kwa ile ya kwanza. Skrini ya inchi 7 ya umbo la kawaida ina upana wa takribani milimita 155. Ikiwa milimita 3 za rula zinajaza skrini nzima, basi chombo kinakuza kama mara 52. Ikiwa ni milimita 1 tu, kinakuza mara 155. Ili kukuza mara 1000 kwenye skrini hiyo, upana wote unaoonekana ungepaswa kuwa milimita 0.155, yaani unene wa nywele mbili hivi.

Vipimo vifuatavyo husaidia kukadiria kitakachoonekana:

- Unywele wa mtu: unene wa takribani mikromita 70.
- Yai la kichocho cha matumbo: urefu wa takribani mikromita 140.
- Chembe nyekundu ya damu: upana wa mikromita 7 hadi 8.
- Kijidudu cha kipindupindu: urefu wa mikromita 1 hadi 3.

Ukuzaji wa kweli wa mara 50 hadi mara 100 unatosha kuona vitu vya mwanzo viwili. Cha tatu kinahitaji lenzi nzuri na mwanga wa kutoka chini. Cha nne, katika chombo cha nyumbani, kitakuwa nukta isiyotambulika hata kama imeonekana.

Tone la Tanganyika lina nini?

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takribani kilomita 670 na kina kinachofikia takribani mita 1,470, na linamilikiwa kwa pamoja na Burundi, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Uhai mwingi unaotegemewa na wavuvi uko katika tabaka la juu, mahali ambapo mwanga wa jua hufika. Chini zaidi maji hayana oksijeni.

Katika tabaka hilo la juu, mimea midogo mno, inayoitwa mwani, hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mwani huliwa na wanyama wadogo wa jamii ya kamba wanaoitwa kopepodi, ambao wengi wao hawafikii milimita 2. Kopepodi huliwa na ndagala, na ndagala huliwa na mukeke. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kabonga anayemwona kopepodi akirukaruka kwenye skrini anatazama chanzo cha kile kinachouzwa mwaloni na kupikwa nyumbani kwao.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni havimwambii. Vitabu vingi vya biolojia kutoka Ulaya huonyesha kiroboto-maji, mnyama mdogo wa mviringo aitwaye dafnia, kama mfano wa kiumbe wa ziwani. Katika maji ya wazi ya Tanganyika jamii hiyo karibu haipo. Mwanafunzi anayemtafuta na kumkosa hajakosea, kwa maana ziwa lake lina viumbe wake. Badala yake, akibahatika, anaweza kumwona kiwavi-bahari wa maji baridi wa Tanganyika, mwenye umbo la mwavuli mwangavu na upana wa takribani sentimita 2, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1893. Kwa kuwa jamaa zake wengi huishi baharini, aliwashangaza wataalamu wa wakati huo kiasi kwamba baadhi yao walidhani ziwa hili liliwahi kuunganika na bahari, dhana iliyoachwa baadaye.

Kuona mnyororo huu kuna maana pana zaidi ya somo la darasani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuongezeka kwa joto la maji kumepunguza mchanganyiko kati ya tabaka la chini lenye virutubisho na la juu lenye mwanga, na hivyo kupunguza mwani. Mwani ukipungua, upungufu hupanda ngazi kwa ngazi hadi kwenye wavu wa mvuvi.

Kichocho: kuona si kupima

Pwani hiyohiyo ina kichocho cha matumbo. Tafiti za miaka ya 1980 zililitaja bonde la Rumonge, pamoja na bonde la Rusizi na jiji la Bujumbura, miongoni mwa maeneo ya ugonjwa huo nchini Burundi. Mwaka 2007 ulianzishwa mpango wa kitaifa wa kupambana na magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na watoto wa shule wa maeneo yaliyoathirika walipewa dawa ya praziquantel.

Mzunguko wa kichocho ni mfano mzuri wa kile ambacho hadubini inaweza kufundisha. Mayai ya mnyoo hutoka na choo cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na kiluwiluwi kinachotoka humtafuta konokono mdogo anayeishi penye majani na maji yaliyotulia. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo hutoa viluwiluwi vya aina nyingine, vyenye mkia uliogawanyika kama panda, hasa wakati wa mwanga wa mchana. Hivi ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kuvua. Urefu wa kila kimoja haufikii milimita 1, kwa hiyo hadubini ya kawaida ya shule inaweza kuvionyesha.

Hata hivyo, hapa ndipo pana hatari ya kujidanganya, na inakuja kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kuona na kuhukumu. Kuna viluwiluwi vingine vyenye mkia wa panda ambavyo huwashambulia ndege au samaki na si watu. Kuvitenganisha ni kazi ya mtaalamu.

Ya pili, iliyo mbaya zaidi, ni kutoona na kutulia. Tone moja la maji ni takribani mililita 0.05. Ndoo ya lita 20 ina matone 400,000 ya namna hiyo. Mwalimu anayetazama matone 10 bila kuona kitu amechunguza sehemu moja ya 40,000 ya ndoo, na ziwa hajaligusa. Zaidi ya hayo, vijidudu vya kipindupindu, ugonjwa unaojulikana sana katika pwani hii, havitambuliki kwa chombo hicho hata vikiwemo. Skrini tupu haiyafanyi maji kuwa salama. Maji ya kunywa huchemshwa au hutiwa dawa, na anayelazimika kutumia maji ya ziwa kuoga hupunguza hatari ya kichocho kwa kuyapasha hadi yachemke na kuyaacha yapoe, au kuyahifadhi kwa siku mbili katika chombo kisicho na konokono, muda ambao viluwiluwi hivyo hufa.

Somo kutoka Pemba

Swali la iwapo picha ya kwenye skrini ndogo inaweza kuchukua nafasi ya maabara limekwisha kujaribiwa katika nchi ya Kiswahili. Katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar, watafiti walibandika lenzi ya mviringo yenye upana wa milimita 3 kwenye kamera ya simu kwa gundi ya karatasi ya pande mbili, kisha wakachunguza sampuli 199 za choo cha watoto wa shule na kulinganisha matokeo na hadubini ya maabara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kwa minyoo ya mviringo ya tumboni, ambayo mayai yake huonekana kwa urahisi, simu ilitambua asilimia 81 ya maambukizi. Kwa minyoo ya safura ilitambua asilimia 14 tu.

Kwa lugha nyepesi, kati ya watoto 100 wenye safura, zaidi ya 80 wangerudishwa nyumbani wakiambiwa hawana. Na hao walikuwa watafiti waliozoea kazi hiyo.

Upimaji wa kichocho nao una taratibu zake. Fundi wa maabara huchukua kiasi maalumu cha choo, takribani miligramu 42, hukichuja, hukifunika kwa karatasi laini iliyolowekwa kwenye glaserini, kisha huhesabu mayai na kuzidisha kwa 24 ili kupata idadi kwa gramu. Vimelea vya malaria huhitaji damu iliyotiwa rangi na lenzi ya kukuza mara 100 inayotumia mafuta maalumu. Mtu mwenye homa, damu kwenye choo au maumivu ya tumbo yasiyokwisha anapaswa kwenda kituo cha afya. Hadubini ya nyumbani isimcheleweshe hata siku moja.

Njia nyingine zilizo karibu

Hadubini yenye skrini si chaguo pekee. Mwaka 2014, Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza hadubini ya karatasi inayokunjwa, iitwayo Foldscope, ambayo vifaa vyake viligharimu chini ya dola 1. Aina inayosambazwa shuleni hukuza mara 140, haihitaji umeme, na inaweza kushikizwa kwenye kamera ya simu.

Nchini Tanzania, kampuni ya STICLab ya Dar es Salaam na Taasisi ya Afya ya Ifakara zilishirikiana na Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza katika hadubini iitwayo OpenFlexure. Sehemu zake za plastiki huchapishwa kwa mashine, michoro yake iko wazi kwa yeyote, na kamera yake hupeleka picha moja kwa moja kwenye kompyuta. Kufikia mwaka 2020, zaidi ya hadubini 100 za aina hiyo zilikuwa zimechapishwa Tanzania na Kenya. Faida yake kubwa ni kwamba kipande kikivunjika, kingine huchapishwa hapohapo bila kusubiri mzigo wa kutoka ng'ambo.

Darasani: skrini moja kwa wote

Sifa kubwa ya skrini ni kwamba inashirikisha. Katika darasa la wanafunzi 50, kila mmoja akipewa nusu dakika kwenye hadubini ya jicho moja, dakika 25 zimekwisha, na mwalimu hana hakika kila mmoja aliona nini. Mtoto aliyetazama kope zake mwenyewe au kiputo cha hewa hurudi kukaa akiamini ameona seli. Kwenye skrini mwalimu huonyesha kwa kidole, wote hutazama kitu kimoja, na swali la mmoja hujibiwa mbele ya wote. Skrini ndogo bado inahitaji makundi ya watu sita hadi wanane. Aina zenye waya wa kuunganisha televisheni huwafikia wengi zaidi.

Usalama uzingatiwe tangu wakati wa kuchota sampuli. Watoto wasiingizwe majini kwa ajili ya somo, wala wasikusanye konokono kwa mikono mitupu. Maji huchotwa na mtu mzima kwa kikopo kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, au kutoka ndani ya mtumbwi, na anayeyashika huvaa glavu. Sampuli za choo na damu hazina nafasi darasani.

Kabla ya kununua na baada yake

Mambo machache hutosha kumkinga mnunuzi. Aulize kama taa humulika kutoka chini. Ajaribu kwa rula, kama ilivyoelezwa, badala ya kuamini boksi. Atikise nguzo ya chombo, kwa kuwa nguzo inayotetemeka huharibu picha hata lenzi ikiwa nzuri. Ahakikishe kinachajiwa kwa waya wa kawaida wa USB, ili mahali penye umeme wa kukatikakatika kiendeshwe kwa betri ya akiba au ya sola. Aangalie pia kama menyu ina lugha anayoielewa, maana nyingi huja kwa Kiingereza au Kichina.

Adui wa lenzi katika mwambao wa ziwa ni unyevu, ambao huotesha ukungu juu ya kioo. Chombo kikaushwe, kifungwe ndani ya mkebe pamoja na pakiti za kunyonya unyevu, na lenzi ifutwe kwa kitambaa laini kikavu, kamwe si kwa ncha ya shati. Taa zizimwe baada ya somo, kwa sababu joto lake hukausha tone na kuwaua viumbe waliomo.

Kikitumiwa hivyo, chombo hiki kinaweza kumfanya mtoto wa Kabonga aelewe kwa nini ndagala huongezeka au kupungua, na kwa nini mama humkataza kuogelea penye majani. Kujua kama mtoto huyo ameambukizwa kichocho kunabaki kuwa kazi ya maabara ya kituo cha afya.